Hesabu za Baba Mwende na Wufa ya Bure



Katika masomo ya hesabu tumezoea kufundishana juu ya kitabu cha pesa, upande mmoja zilizoingia na upande mwingine zilizotoka. Tumesema pia juu ya mtaji, riba na akiba, na vikundi vingi sasa vinaandika vitabu vyao vizuri. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haiandikwi katika kitabu chochote. Hufanywa kichwani, mara nyingi njiani mtu akitoka sokoni, naye huifanya upesi upesi kabla hajafika mlangoni pake. Ni hesabu ya kumweleza mwenzako wa nyumbani kwa nini umenunua kitu cha kujifurahisha ambacho hakikuwa kwenye mpango.

Hesabu hii inachekesha, na leo tutacheka. Nimeona pia ikitoa watu machozi, na hayo nitayasema mbele kidogo.

Tuanze kwa mchezo. Mwanakikundi mmoja awe Baba Mwende, mwingine awe Mama Mwende, na wengine mkae kimya, kama mnaweza. Watu hawa wawili si wa kijiji chochote, tumewatunga kwa ajili ya somo. Mkiona Baba Mwende anafanana na mtu wa kwenu, hilo ni shauri lenu.

(Ni jioni. Baba Mwende anaingia na katoni kubwa begani.)

MAMA MWENDE: Karibu, Baba Mwende. Hiyo ni nini?

BABA MWENDE: Hii? (Anaitazama kama mtu anayeiona mara ya kwanza.) Ah, hii ni akiba.

MAMA MWENDE: Akiba ndani ya katoni?

BABA MWENDE: Ndiyo. Ni redio ya wufa, ile yenye spika tatu. Bei yake ni shilingi 12,000, lakini mwenye duka amenipunguzia mpaka 8,500. Hebu toa mwenyewe. Leo nimeokoa shilingi 3,500!

MAMA MWENDE: Mungu asifiwe. Basi zilete hizo 3,500, Mwende anadaiwa karo.

BABA MWENDE: (Anakohoa.) Hazitoki namna hiyo. Ngoja nikueleze vizuri. Kitu kama hiki hudumu miaka kumi. Mwaka una siku 365, mara kumi ni siku 3,650. Gawanya 8,500 kwa 3,650. Unapata shilingi 2 na senti 33 kwa siku! Mama Mwende, hata andazi hulipati kwa bei hiyo.

MAMA MWENDE: Na mwenye duka amekubali umlipe shilingi mbili na senti thelathini na tatu kila siku?

BABA MWENDE: Huyo amechukua zote. Lakini sikiliza. Kila Jumapili nikienda senta kusikiliza muziki na kutazama mpira, natumia shilingi mia moja. Chai, chapati, na kadhalika. Sasa muziki uko nyumbani. Mia moja kwa wiki, katika wiki 85 ni 8,500. Kuanzia wiki ya 86 wufa ni ya bure, na sisi tunaanza kula faida!

MAMA MWENDE: Kwa hiyo ukikaa nyumbani unaweka mia moja kila wiki?

BABA MWENDE: Hapo sasa! Umeelewa hesabu.

MAMA MWENDE: Basi rudisha katoni dukani. Kopo hili la mafuta ya kupikia limeisha, nimeliosha. Kila Jumapili tia mia moja humu. Wiki ya 85 ikifika ukanunue wufa, hata mimi nitakusindikiza.

BABA MWENDE: Wiki themanini na tano! Na harusi zitatungoja? Watu wataikodi hii!

MAMA MWENDE: Watu gani?

BABA MWENDE: Watu... wa harusi.

(Mwisho. Wapigieni makofi.)

Sasa kiongozi wa somo aulize kikundi: Ni hesabu gani aliyokosea Baba Mwende? Wape watu nafasi wakaguze. Watoe, wazidishe, wagawanye. Mtashangaa, maana hakuna hata moja. Kutoa kwake ni sahihi, kuzidisha ni sahihi, kugawanya ni sahihi mpaka senti. Mwalimu wa darasa la sita angempa alama zote. Kasoro iko mahali pengine. Mama Mwende alikuwa anauliza, "Pesa ziko wapi?" naye Baba Mwende alijibu maswali mengine matatu ambayo hakuna aliyeuliza.

Msidhani jambo hili ni la kwetu peke yetu. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaopenda baiskeli, si za kubeba maziwa, ni za kujifurahisha tu, na moja inaweza kushinda bei ya ng'ombe wa maziwa. Hao wana kanuni yao ya utani: idadi sawasawa ya baiskeli ambazo mtu anapaswa kuwa nazo ni zile alizo nazo sasa, ongeza moja. Ukinunua hiyo moja, kanuni inaanza tena. Halafu waliooa wakaona kwamba kanuni hiyo ina hatari, wakaandika ya pili: tafuta idadi ya baiskeli ambayo ikifikiwa mwenzako atafunga virago na kuondoka, kisha toa moja. Hiyo ndiyo idadi yako.

Mwaka wa 2023 watangazaji watatu wa kituo cha redio cha ZM huko New Zealand walikuwa na mchezo wa namna hiyo hewani. Msikilizaji anapiga simu, anataja kitu ghali alichonunua au anachotamani, nao wanamtafutia hesabu ya kuonyesha kwamba kitu hicho ni karibu bure. Mchezo ulienea duniani kwa njia ya simu. Moja ya hesabu za mtindo huo husema hivi: tiketi ya tamasha uliyoinunua miezi mingi iliyopita, siku ya tamasha ikifika imekuwa ya bure, maana pesa hukuzitoa leo. Waliuita mchezo huo hesabu za wasichana. Mimi sikukubaliana na jina hilo. Wanaume wa baiskeli walikuwa wakifanya hesabu hizo zamani kabla ya redio, na Baba Mwende si msichana.

Turudi kwenye kopo la Mama Mwende, kwa sababu humo ndimo lilimo somo la leo. Akiba ya kweli inaweza kutangulia kununua. Kama ni kweli kwamba muziki wa nyumbani utamzuia Baba Mwende kwenda senta, na kama ni kweli kwamba mia moja itabaki mfukoni, basi mia hiyo inaweza kuonekana. Inaweza kushikwa kwa mkono. Inaweza kutiwa kwenye kopo na kulia "kling'i" kama ni ya sarafu. Akiba ambayo haiwezi kuonekana mpaka kitu kimeshanunuliwa, mara nyingi haitaonekana hata baadaye.

Jaribuni kufikiri Baba Mwende amekubali. Jumapili ya kwanza anatia mia moja, anajisikia mtu mkubwa. Jumapili ya pili anatia mia. Ya tatu kuna mpira mkubwa, anaenda senta, hatii. Ya nne anatia hamsini na kuahidi kuongeza. Baada ya Jumapili nane wanafungua kopo, wanahesabu. Zilitakiwa 800, ziko 350. Hapo hakuna wa kugombana naye, kopo limesema. Sasa Baba Mwende mwenyewe anajua jambo ambalo hakulijua alipokuwa njiani na katoni: senta haiendi kwa ajili ya muziki tu. Anaenda kwa ajili ya marafiki, na wufa haipigi soga. Kama angenunua wufa, angekuwa na wufa na senta pia, na gharama zote mbili zingekuwa juu ya nyumba moja.

Tena kopo si la kukomesha watu tu. Yuko mtu atakayetia mia kila Jumapili bila kukosa. Huyo hana haja ya hesabu ya njiani. Anafika dukani na pesa zake, anatembea kichwa juu.

Hesabu ya kugawanya kwa siku nayo tuitazame, kwa kuwa siku hizi si Baba Mwende tu anayeitumia. Mtafiti mmoja wa Marekani, John Gourville, aliandika mwaka wa 1998 juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba ukimtajia mtu gharama kama senti chache za kila siku, akili yake hailinganishi tena na vitu vikubwa. Inalinganisha na vitu vidogo anavyonunua kila siku bila kufikiri, kama kikombe cha kahawa. Ndipo anakubali upesi zaidi kuliko ukimtajia jumla ya mwaka, ingawa pesa ni zilezile. Andazi la Baba Mwende ndiyo kahawa hiyo. Tazameni sasa matangazo ya lipa pole pole, ya simu, ya televisheni, ya taa za sola. Bei ya siku imeandikwa kwa herufi kubwa kama mlango. Jumla yake, ikiwa imeandikwa, unahitaji miwani. Sisemi vitu hivyo ni vibaya. Taa ya sola imeondoa moshi wa mafuta ya taa katika nyumba nyingi, na watoto wanasoma. Ninachosema ni kwamba kabla ya kutia kidole gumba, uzidishe. Mwisho wa somo kuna zoezi la kuzidisha.

Hesabu ya biashara ndiyo inayoniuma, na hapa itanibidi niseme ukweli mbele yenu. Mimi ambaye nimefundisha vikundi kuandika vitabu vya pesa, nilinunua kinanda cha stima kwa shilingi 18,000. Nilikitamani tangu ujana. Nilipokuwa natazama madirisha ya duka lile, roho yangu ilikuwa inacheza peke yake. Lakini sikumwambia mama watoto kwamba nakitamani. Niliona aibu, mtu mzima. Badala yake nilimwandikia hesabu kwenye karatasi safi, kwa rula: harusi mbili kila mwezi, kila harusi shilingi 1,500, hiyo ni 3,000 kwa mwezi na 36,000 kwa mwaka. Katika miezi sita kinanda kimejilipa. Nikapiga mstari chini mara mbili kama nilivyofundishwa.

Mwaka wa kwanza nilipata harusi tatu. Ya kwanza walinilipa 1,500. Ya pili walinilipa 1,000 na kunishukuru sana. Ya tatu nililipwa pilau. Zilizoingia zikawa 2,500. Pikipiki ya kubeba kinanda kwenda na kurudi, safari zote, ilikula 1,200. Stima ilirudi kwa nguvu siku moja ikaunguza kile kifaa cha kuchajia, nikanunua kingine kwa 900. Faida ya mwaka ikawa shilingi 400. Mkigawanya 18,000 kwa 400 mtapata miaka 45. Wakati huo nilikuwa na miaka 52, kwa hiyo kinanda kingejilipa nikiwa na miaka 97, kama vidole vingekuwa bado vinasikia.

Muhula wa pili wa mwaka huo tulipungukiwa na karo, nikaenda kukopa kwa dada yangu. Kinanda kilikuwa mezani kimefunikwa kwa kitambaa. Dada yangu alikuja kuleta pesa mwenyewe, akakiona, asiseme neno. Afadhali angesema.

Usiku huo mama watoto alichukua daftari la mtoto, akachora mstari katikati ya ukurasa kama ninavyowafundisha ninyi, akaandika zilizoingia na zilizotoka. Hakuzidisha hata neno moja. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi kinanda hakinisumbui. Ungeniambia unapenda kupiga, tungetafuta namna, labda mwaka unaofuata, labda kile kidogo cha mitumba. Lakini uliniletea karatasi. Nikaipanga karo juu ya ile karatasi."

Maneno hayo ya mwisho sijayasahau. Nilidhani karatasi yangu ni utani mdogo wa kupita mlangoni. Yeye aliichukua kuwa hesabu, kwa sababu imetoka kwa mtu anayefundisha hesabu, akaacha kuuza kuku wawili ambao angewauza kwa ajili ya karo. Hesabu ya uongo haiishi ikishavuka mlango. Inaingia katika mipango ya mtu mwingine.

Haya, tuendelee. Kuna hesabu ya vitu kuzaa vitu. Wufa imefika nyumbani, kumbe betri ya sola ni ndogo, ikilia saa moja taa zinazimika. Sasa inatakiwa betri kubwa. Betri kubwa inataka paneli kubwa. Halafu waya, halafu meza yenye mlango maana watoto watachokoa spika. Kila mara Baba Mwende anasema, "Tukiacha sasa, zile 8,500 zitapotea bure." Hazitapotea, zilishatoka siku ile ya katoni. Betri inunuliwe au isinunuliwe, hazirudi. Swali ni kama hiyo betri yenyewe inafaa bei yake leo.

Watafiti wawili, Arkes na Blumer, walichapisha mwaka wa 1985 habari ya jaribio walilofanya kwa tiketi za michezo ya kuigiza katika Chuo Kikuu cha Ohio huko Marekani. Watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima, wengine waliuziwa kwa bei kamili na wengine wakapunguziwa bila kutazamia. Michezo ilikuwa ileile. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria mara nyingi zaidi kuliko waliopunguziwa. Pesa zilizokwisha kutoka zilikuwa bado zinawasukuma mgongoni. Ndivyo zinavyomsukuma Baba Mwende kwenda kununua betri.

Akina mama, najua mmecheka sana mpaka hapa. Sasa ni zamu yenu.

Tuchukue mzunguko, yaani meri-go-raundi. Kikundi kina watu 12, kila mmoja anatoa 500 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 6,000. Siku ya zamu yake mama anarudi na seti ya thamosi na vyombo vya kioo vya kupamba kabati, vile ambavyo hakuna mtu anayeruhusiwa kuvigusa. Mzee akiuliza anajibiwa, "Hizo si pesa za nyumbani, ni za mzunguko." Ati za mzunguko! Hizo 6,000 ni 500 zake mara 12. Zilitoka katika nyumba ileile, moja moja, katika mboga na sabuni. Mzunguko ni mzuri sana, umewawezesha wengi kununua tangi la maji au matiti ya mabati ambayo wasingeweza kuyanunua kwa pesa za mkononi. Lakini mzunguko hauzai pesa, unazikusanya tu. Na kuna ule mtindo mwingine wa kusema kitambaa ni cha 300 kumbe ni cha 800. Huo si hesabu, tusiuingize katika somo.

Kwa nini pesa za mzunguko huonekana tamu kuliko pesa nyingine? Mwanauchumi wa Marekani, Richard Thaler wa Chuo Kikuu cha Chicago, alilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980, na mwaka wa 2017 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alieleza kwamba watu huweka pesa katika mifuko mbalimbali ya akilini, na kila mfuko una sheria zake, ingawa shilingi ni shilingi. Wakulima wa majani chai wanalifahamu jambo hili bila kwenda chuoni. Malipo ya kila mwezi yanapangwa shilingi kwa shilingi, lakini bonasi ikija mtu anajiona tajiri, wakati ni majani yaleyale ya shamba lilelile.

Katika makala yake ya mwaka 1985 Thaler alitoa mfano wa bwana mmoja aliyeona sweta nzuri ya sufi dukani kwa dola 125. Akaitamani, lakini akaiacha, akisema ni anasa. Mwezi uleule mkewe akampa sweta hiyohiyo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Akafurahi kupita kiasi. Na bwana huyo na mkewe walikuwa na akaunti za pamoja tu benki. Yaani alilipa kwa pesa zake zilezile alizozionea huruma, ila safari hii zilipitia mkono wa mwenzake, na ile aibu ikaondoka. Nadhani Thaler hakukusudia kutufundisha mambo ya ndoa, lakini ametufundisha. Kitu kilekile, bei ileile, kikitoka kwa makubaliano ya wawili kina ladha nyingine.

(Thaler alipoulizwa atazitumiaje pesa za tuzo, alijibu kwamba atajaribu kuzitumia bila akili kadiri atakavyoweza. Mtu mwenye Nobel haitaji karatasi ya kumwonyesha mkewe.)

Sasa yale ya machozi. Nilitembelea kikundi kimoja cha benki ya mezani, sitakitaja. Walikuwa wakitoza riba ya shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi. Mwanachama mmoja aliomba 15,000 kwa ajili ya kuku wa mayai: kuku 30, kila mmoja 500. Alileta hesabu nzuri mno, chakula, chanjo, trei kwa mwezi, mpaka mwekahazina akawaambia wengine waige. Wadhamini wawili wakatia sahihi. Mwezi wa tatu malipo hayakuonekana, kamati ikaenda kutazama banda, nami nikafuatana nao. Hakukuwa na banda. Sebuleni palikuwa na televisheni pana kama mlango wa kabati, na kuku pekee tuliowaona siku ile walikuwa ndani ya tangazo la supu.

Tulicheka njiani. Mwezi wa tano hatukucheka. Riba ilikuwa 1,500 kila mwezi, ikawa 7,500, na pamoja na mkopo wenyewe ni 22,500. Televisheni ikauzwa kwa chini ya nusu ya bei yake. Mdhamini mmoja, mama mjane, alitoa mbuzi wawili. Na bibi ya yule bwana, ambaye ni mwanachama wa kikundi hichohicho, alisikia habari ya mkopo kwa mara ya kwanza siku ilipotangazwa kwenye mkutano, akiwa amekaa kiti cha mbele.

Baadaye nilimwuliza yule ndugu kama alipanga kuwadanganya. Akasema hapana. Siku alipoandika hesabu ya kuku alikuwa anaiamini kabisa, hata aliwaona kuku wakitembea. Televisheni ingekuja baadaye, kutokana na mayai. Halafu alipokuwa na pesa mkononi akafanya hesabu nyingine, kwamba akianza na televisheni atatoza vijana shilingi 20 kila mpira, na pesa hizo zitanunua kuku. Ninamwamini. Hesabu yangu ya kinanda nayo, mtu wa kwanza niliyemdanganya nayo alikuwa mimi.

Kikundi kile sasa kina utaratibu. Mkopo wa zaidi ya 5,000 hautoki mpaka mwenzi wa nyumbani aje mkutanoni au atie sahihi, na kama ni mkopo wa mradi, kamati hutembelea baada ya wiki mbili, si baada ya miezi mitatu. Wengine walinung'unika kwamba wanafanywa watoto. Yule mama wa mbuzi hakunung'unika.

Mtaniuliza, je, maskini asinunue kitu cha kumfurahisha? Sikubaliani hata kidogo na wanaosema hivyo. Mtu anayelima kutoka alfajiri anahitaji wimbo jioni. Nyumba yenye redio ina habari, ina kicheko. Ubaya unaanza pale raha inapovalishwa koti la biashara ili ipite mlangoni. Kama ni raha, iitwe raha, na iwe na mstari wake katika mpango wa nyumba kama chumvi ilivyo na mstari wake.

Nyumbani kwetu tulifanya hivi. Tulikubaliana kila mwezi kila mmoja apate shilingi 400 ambazo haziulizwi. Mimi 400, yeye 400, sawasawa, hata kama mwezi huo mmoja ndiye aliyeleta zaidi. Mwezi wa karo tunaziruka, wote wawili. Kwa mwaka wenye miezi mitatu ya karo zinabaki 3,600 kwa kila mtu. Ukizila, umezila. Ukizikusanya, utanunua utakacho na hutatoa hesabu kwa mtu. Mimi zangu za mwaka uliofuata zilinunua kiti cha kupigia kinanda na kitabu cha nota, na jioni napiga, wala sitafuti harusi. Yeye zake hazikuonekana zilikokwenda. Imepita miaka kadhaa sasa. Nimechungulia kabatini, sioni kitu kipya. Siulizi, maana ndiyo mapatano.

Kazi ya kikundi

Zungumzeni haya kabla ya kufunga mkutano. Wenye haya waruhusiwe kusikiliza tu.

Kila mtu akumbuke kitu kimoja alichonunua kwa hesabu ya njiani. Kilikuwa nini, na hesabu ilikuwaje? Mwenye hesabu tamu kuliko zote apewe soda na kikundi, lakini isiandikwe kama mtaji.

Mume na mke walio katika kikundi kimoja waandike, kila mtu kwenye karatasi yake bila kuchungulia, ni kiasi gani kwa mwezi wanachoona kinafaa kuwa pesa zisizoulizwa. Kisha walinganishe nyumbani, si hapa.

Zoezi la kuzidisha. Tuseme simu inauzwa shilingi 12,000 taslimu. Kwa lipa pole pole, unaweka 3,000 kwanza, kisha shilingi 60 kila siku kwa siku 365, na usipolipa simu inajifunga. Mwenye duka anasema, "Ni sitini tu, bei ya chai na andazi." Jumla utalipa ngapi, na ni ngapi zaidi ya bei ya taslimu? Je, kama ungetia hizo 60 kwenye kopo la Mama Mwende, pamoja na zile 3,000 za kwanza, ungefikisha 12,000 baada ya siku ngapi?

Majibu: jumla ni 24,900, yaani 12,900 zaidi. Kopo lingefika siku ya 150. Kikundi kilichopata jibu tofauti kirudie kuzidisha, na kama kuna mtu aliyepata kwamba simu ni ya bure, akae karibu na mwekahazina.